Waliokufa Iraki ni Wangapi? Kwa Nini Majibu Yanapishana kwa Malaki

Tarehe 12 Desemba 2005, mjini Philadelphia, Rais George W. Bush aliulizwa hadharani ni Wairaki wangapi waliokwisha kufa tangu majeshi ya Marekani yaingie nchini mwao. Akajibu kwamba ni kama 30,000, kuzidi au kupungua. Muda si mrefu wasaidizi wake wakafafanua: hiyo si takwimu rasmi ya serikali, imetokana na makadirio yaliyokuwa yakitajwa na vyombo vya habari. Miezi kumi baadaye jarida la kitabibu la The Lancet, linalochapishwa London, likatoa namba nyingine kabisa: 654,965. Bush akasema haioni ripoti hiyo kuwa ya kuaminika.

Aliyezisikia namba hizo mbili ana haki ya kushangaa. Wengi walichukua njia nyepesi. Mpinzani wa vita alishika kubwa, mtetezi wa vita akashika ndogo, na waliochoka wakasema takwimu zote ni za wanasiasa. Naona hao wote waliwadhulumu marehemu, kwa sababu kila namba ina asili yake, na asili hiyo inaelezeka. Ukijua ilivyopatikana na swali iliyokuwa ikilijibu, sehemu kubwa ya mkanganyiko inakwisha. Unabaki na ubishi wa kweli, mdogo kuliko kelele zake, na nyuma yake kuna swali zito ambalo kelele hizo zililifunika: jeshi linaloikalia nchi ya watu linawajibika kwa vifo vipi?

Mwenye wajibu alikataa kuhesabu

Uvamizi ulianza Machi 20, 2003. Miezi miwili baadaye, Mei 22, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1483 lililozitambua Marekani na Uingereza kuwa dola zinazoikalia Iraki. Utambuzi huo una uzito wa kisheria. Kanuni za Hague za 1907 zinaitaka dola inayokalia nchi irudishe amani na usalama wa umma kadiri inavyowezekana. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unaongeza ulinzi wa raia, hospitali zao na chakula chao. Hakuna kifungu kinachoiamrisha waziwazi dola hiyo ichapishe orodha ya kila raia aliyekufa, na mwanya huo ulitumiwa vizuri sana.

Jenerali Tommy Franks, aliyeongoza uvamizi, alikuwa ameshatoa msimamo akiwa Bagram, Afghanistan, mwaka 2002: sisi hatuhesabu maiti. Kwa upande wao walihesabu. Wanajeshi wa Marekani karibu 4,500 waliokufa Iraki hadi mwisho wa 2011 wanajulikana mmoja mmoja, kwa jina, umri, mji wa kwao na siku ya kifo. Waingereza 179 vilevile. Kwa Wairaki, shirika la habari la AP liliripoti Desemba 2003 kwamba Wizara ya Afya mjini Baghdad, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa Paul Bremer, msimamizi aliyewekwa na Marekani, iliagiza watumishi wake waache kukusanya hesabu ya raia waliouawa. Waziri alikana kuhusika. Mwaka uliofuata mabalozi wastaafu, maaskofu na wasomi wa Uingereza walimwandikia Waziri Mkuu wao, Tony Blair, wakimtaka aunde uchunguzi huru wa idadi ya waliokufa. Alikataa.

Oktoba 2010 ikafichuka kwamba hata ule usemi wa kutohesabu haukuwa kweli. WikiLeaks, mtandao unaofichua nyaraka za siri, ulitoa kumbukumbu 391,832 za jeshi la Marekani, zilizoandikwa na askari wenyewe uwanjani kati ya Januari 2004 na Desemba 2009. Ndani yake mlikuwa na vifo 109,032, na kati ya hivyo 66,081 vimewekwa chini ya safu ya raia. Hesabu ilikuwapo, mezani mwao, miaka yote waliyowaambia wabunge na waandishi kwamba haipo.

Hata hivyo kumbukumbu za muuaji haziwezi kuwa neno la mwisho. Chukua Haditha. Novemba 19, 2005 bomu la barabarani liliua askari mmoja wa kikosi cha Marines. Kesho yake jeshi likatoa taarifa kwamba bomu hilohilo limeua na raia 15. Ukweli ulitoka Machi 2006 kupitia gazeti la Time: raia 24, wakiwemo wanawake na watoto, walipigwa risasi na Marines, wengi wao ndani ya nyumba zao. Kama mwandishi asingepata mkanda wa video na mashahidi, watu wale wangebaki vitabuni kama wahanga wa bomu la waasi. Na kuhusu Falluja, mji ulioshambuliwa Aprili na tena Novemba 2004, zile kumbukumbu zilizovuja hazina vifo vya raia katika mashambulizi hayo mawili makubwa. Anayeujua mji huo hawezi kuamini.

Namna ya kuhesabu bila idhini ya wenye bunduki

Fikiria mtaa uliopatwa na balaa, na watu watatu wanaotaka kujua wangapi wamekufa. Wa kwanza anasikiliza redio na kusoma magazeti, akiandika kila msiba uliotangazwa. Wa pili anakaa mlangoni mwa chumba cha maiti. Wa tatu ni mjumbe wa nyumba kumi. Anabisha hodi nyumba kadhaa alizozichagua bila upendeleo, anauliza nani amefariki humu, kisha anakadiria mtaa mzima. Wote wakiwa waaminifu, hawatapata jibu moja.

Wa kwanza, kwa Iraki, ni mradi wa Iraq Body Count, ulioanzishwa Januari 2003 na Hamit Dardagan na John Sloboda huko Uingereza. Wanakusanya taarifa za habari, wanalinganisha chanzo kimoja na kingine, wanaongeza rekodi za hospitali, vyumba vya maiti na mashirika, kisha wanatoa kiwango cha chini na cha juu. Ni kazi ya subira na ya heshima: tukio, tarehe, mahali, na jina linapopatikana. Udhaifu wake uko wazi. Kifo ambacho hakikufikia mwandishi wala mochari hakimo, na mwaka 2006 waandishi walikuwa hawathubutu kutoka nje ya mitaa michache ya Baghdad. Kwa hiyo namba yao inasema idadi haiwezi kuwa chini ya hapo. Kuitangaza kuwa ndiyo jumla ya waliokufa, kama walivyofanya wanasiasa wengi, ni kuipotosha.

Wa pili aliumizwa na siasa. Baada ya msikiti wa al-Askari mjini Samarra kulipuliwa Februari 2006, maiti zilimiminika Baghdad, nyingi zikiwa na alama za mateso, na takwimu za mochari zikawa jambo la hatari kwa anayezitoa. Tena familia nyingi zilizika haraka, kama dini inavyotaka, bila kupitia ofisi yoyote.

Wa tatu ndiye aliyezua moto, na historia yake inapita Kongo. Mwaka 2000 mtaalamu wa afya ya jamii, Les Roberts, alisimamia kwa niaba ya shirika la International Rescue Committee uchunguzi wa kaya mashariki mwa Kongo, katika maeneo kama Katana na Kabare huko Kivu Kusini, na Kisangani. Nchi ilikuwa na majeshi ya kigeni, yakiwemo ya Uganda na Rwanda. Hesabu yake ilikuwa vifo vya ziada, yaani vinavyozidi vile ambavyo vingetokea bila vita, milioni 1.7 katika miezi 22, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi: walikufa kwa malaria, kuhara na utapiamlo, wakiwa wamekimbia zahanati na mashamba. Viongozi wa Magharibi waliinukuu takwimu ile bila kuihoji njia yake. Miaka minne baadaye mtu yuleyule, kwa njia ileile, akaenda Iraki pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na daktari Mwiraki, Riyadh Lafta. Safari hii wakaambiwa njia haifai. Kongo ilichunguzwa upya baadaye, na wakosoaji walikuwa na hoja ya haki kuhusu makadirio makubwa zaidi yaliyofuata, yale ya milioni 5.4: kiwango cha vifo vya kabla ya vita kilichotumika kulinganishia kilikuwa kidogo mno. Lakini ukosoaji huo ulikuja wakati ambapo hakuna kiti cha mkubwa kilichokuwa hatarini.

Ndani ya tafiti za The Lancet

Utafiti wa kwanza, wa Oktoba 2004, ulitembelea maeneo 33, kaya 988. Ulikadiria vifo vya ziada 98,000, na ukasema jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 8,000 na 194,000. Wakosoaji walicheka upana huo, kana kwamba 8,000 na 98,000 zina uwezekano sawa. Sivyo. Namba za katikati zina uwezekano mkubwa zaidi, za pembeni kabisa mdogo mno. Tena watafiti walikuwa wameiondoa Falluja kwenye hesabu, kwa sababu theluthi mbili ya mauaji yote waliyoyakuta yalitoka eneo hilo moja, na kuijumuisha kungepandisha makadirio mno. Hilo lilisemwa mara chache sana redioni.

Utafiti wa pili, wa 2006, ndio wa kuchambua polepole. Timu ilihoji kaya 1,849 katika maeneo 47, watu 12,801. Waliuliza nani kazaliwa, nani kafa, lini, kwa nini, kuanzia Januari 2002. Kukawa na vifo 82 kabla ya uvamizi na 547 baada yake. Ukigeuza kuwa viwango, ni watu 5.5 kwa kila 1,000 kwa mwaka kabla, na 13.3 baada. Tofauti hiyo, ikitandazwa juu ya nchi ya watu kama milioni 26 kwa miezi 40, inazaa ile 654,965; na kati ya hao 601,027 waliuawa. Walipoombwa cheti cha kifo, familia nyingi sana zilikuwa nacho.

Sasa tazama uzito. Vifo vya mauaji vilivyokutwa kwenye sampuli vilikuwa 300. Kila kimoja kikawakilisha watu 2,000 hivi. Ikiwa uchaguzi wa nyumba uliegemea upande hata kidogo, kosa linakua mara elfu mbili. Hapo ndipo watafiti Michael Spagat, Neil Johnson na wenzao waliposhika. Uchaguzi wa nyumba ulianzia barabara kuu, kisha mtaa unaokutana nayo, na barabara kuu ndiko kwenye masoko, vizuizi na magari yenye mabomu. Iraq Body Count, ambao hakuna anayeweza kuwaita watetezi wa Bush, nao waliuliza maswali makali: inawezekanaje watu 1,000 wauawe kila siku katika nusu ya kwanza ya 2006, na tisa ya kumi yao wasionekane na chombo chochote? Na vyeti nusu milioni vilitoka ofisi ipi bila kubaki rekodi?

Baadaye mwendo wa mtafiti mkuu, Gilbert Burnham, haukuusaidia utafiti wake. Mwaka 2009 chama cha wataalamu wa maoni ya umma cha Marekani kilimlaumu kwa kukataa kutoa maelezo ya msingi ya njia yake, na chuo chake kikamwekea vikwazo kwa sababu majina ya waliohojiwa yalikusanywa kinyume cha utaratibu uliokubaliwa. Upande wa pili nao una la kujibu. Mwaka 2007 BBC ilipata nyaraka za serikali ya Uingereza zikionyesha kwamba mshauri mkuu wa sayansi wa Wizara ya Ulinzi, Roy Anderson, aliuona muundo wa utafiti huo kuwa imara. Serikali iliyokuwa ikiupuuza mbele ya umma ilikuwa imeambiwa faraghani usiupuuze ovyo.

Januari 2008 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali ya Iraki: kaya 9,345, mauaji 151,000 hadi Juni 2006, kati ya 104,000 na 223,000. Huu ulikuwa na sampuli pana, lakini maeneo 115 hayakufikika kwa hatari, mengi yakiwa mkoa wa Anbar na Baghdad kwenyewe kulikowaka, na ikabidi yakisiwe. Waliobisha hodi walikuwa watumishi wa serikali, wakati ambapo kumwambia mtu wa serikali kwamba mwanao ameuawa, na nani, kungeweza kukuletea matatizo.

Mwaka 2013 jarida la PLOS Medicine lilitoa makadirio ya Amy Hagopian na wenzake: karibu nusu milioni ya vifo vya ziada kufikia katikati ya 2011, zaidi ya asilimia 60 vikitokana moja kwa moja na ukatili. Kampuni moja ya kura za maoni ilikuwa imeshatoa zaidi ya milioni moja, siipi uzito.

Maswali manne yaliyoitwa moja

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kulinganisha visivyolingana. Iraq Body Count wanahesabu raia waliouawa na kuripotiwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, katika ile 151,000, unahesabu waliouawa wote, raia na wapiganaji. Lancet ilihesabu hao pamoja na waliokufa kwa sababu hospitali haikuwa na dawa au gari la wagonjwa halikuvuka kizuizi. Kumbukumbu za jeshi zinahesabu kile ambacho askari alikiona na kukubali kukiandika. Mama aliyekufa kwa uzazi kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, kati ya hesabu hizi nne, yumo katika Lancet tu.

Ukiondoa tofauti hizo, unabaki na mgongano mmoja halisi: mauaji hadi Juni 2006, 151,000 au 601,000? Swali ni lilelile, kipindi ni kilekile. Kwa ushahidi uliopo, naamini ile ya juu imezidi, tena sana, na ile ya chini imepungua kiasi kwa sababu ya maeneo yasiyofikiwa na midomo iliyofungwa. Lakini hata anayeshika 151,000 anashika watu mara tano ya wale aliowataja Bush miezi sita kabla ya tarehe hiyo. Waliotumia kasoro za Lancet kurudi kwenye 30,000 hawakuwa wakitetea sayansi.

"Waliuana wenyewe"

Hoja ya mwisho ya watetezi wa vita ilikuwa kwamba haidhuru ni wangapi, wengi waliuawa na Wairaki wenzao. Kwa upande wa nani alifyatua, wana msingi. Uchambuzi wa vifo vya raia 92,614 kati ya 2003 na 2008, uliotokana na data za Iraq Body Count, ulikuta asilimia 74 waliuawa na watu wasiojulikana, asilimia 12 na majeshi ya muungano, asilimia 11 na makundi yaliyokuwa yakiyapiga majeshi hayo. Lakini sheria ya ukaliaji haiishii kwenye kidole kilichobonyeza. Nani alilivunja jeshi la Iraki Mei 2003 na kuwarudisha nyumbani mamia ya maelfu ya wanaume bila mshahara? Nani aliziacha ofisi na maghala ya silaha yaporwe Aprili ile? Watetezi wanajibu kwamba ukaliaji ulikwisha rasmi Juni 28, 2004, madaraka yalipokabidhiwa serikali ya mpito kwa azimio 1546. Kwenye karatasi ni kweli. Barabarani, askari wa kigeni zaidi ya laki moja waliendelea kushika vizuizi na kuvunja milango usiku, wakiwa na kinga dhidi ya mahakama za Iraki.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani, na kesi yenyewe ni ya kwetu huku. Desemba 19, 2005, siku saba baada ya jibu la Bush kule Philadelphia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa dola inayokalia Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, na kwamba inawajibika pia kwa kushindwa kuzuia ukatili wa makundi mengine katika eneo hilo. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa. Mahakama ilisema mwaka uliofuata haina mamlaka nayo. Ilipofika hukumu ya fidia, Februari 9, 2022, majaji walikwenda mbali zaidi: kwa kuwa Uganda ndiyo iliyoikalia Ituri, ni juu yake kuthibitisha kwamba dhara fulani halikutokana na uzembe wake. Mzigo wa ushahidi ukahamia kwa mwenye bunduki.

Kisha ikaja idadi. Kongo ilidai raia 180,000 waliouawa. Mahakama ilisema ushahidi hautoshi kupata hesabu kamili, ikakubali kati ya 10,000 na 15,000. Fidia kwa madhara yote ya watu, vifo pamoja na majeraha, ubakaji, watoto walioingizwa jeshini na waliokimbia makwao, ikawekwa dola milioni 225 kwa pamoja. Tofauti kati ya 180,000 na 15,000 ilitokana kwa sehemu kubwa na kile kilichokosekana: majina, tarehe, vyeti, makaburi yaliyoandikwa. Asiyehesabiwa wakati wa vita haonekani mahakamani miaka ishirini baadaye.

Wairaki hawana hata mlango huo. Marekani iliondoa ridhaa yake kwa mamlaka ya jumla ya mahakama hiyo miaka ya 1980, baada ya kushtakiwa huko na Nicaragua. Kilichokuwapo ni malipo ya rambirambi ya makamanda, hadi dola 2,500 kwa maiti moja kwa kawaida, bila kukiri kosa. Uingereza ilibanwa kidogo: kifo cha Mwiraki Baha Mousa mikononi mwa askari wake mjini Basra, Septemba 2003, kilizaa uchunguzi wa wazi na fidia ya pauni milioni 2.83 kwa familia yake na wanaume wengine tisa, na mwaka 2011 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikasema wajibu wa Uingereza kwa raia wa Basra haukuishia mpakani mwake.

Mengi bado yanaweza kufanyika. Kumbukumbu zilizovuja zinaanzia Januari 2004, kwa hiyo wiki za uvamizi wenyewe, ambazo peke yake ziliua raia takriban 7,000 kwa hesabu ya Iraq Body Count, hazimo. Novemba 2024 Iraki ilifanya sensa yake ya kwanza ya nchi nzima tangu 1987, na sasa kuna msingi wa kuuliza kaya kwa kaya bila kubahatisha idadi ya watu. Washington na London zifungue mafaili ya 2003, na wizara ya Baghdad ifungue madaftari yake ya vifo, wakati wazazi na wajane wanaokumbuka tarehe bado wako hai.